SHABA IMEONDOKA, SUMU IMEBAKI



Wiki iliyopita, waliokwenda kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji juu ya ndiva walikuta jivu jeusi na vipande vya kioo kinene kando ya maji. Ilikuwa runinga ya kichogo. Imepasuliwa, na waya zake zimechomwa ili plastiki iungue ibaki shaba. Shaba ilishakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vingine vyote tumeachiwa sisi.

Hatuandiki haya ili kumuumbua mtu. Kijana mwenyewe alijieleza mbele ya Kamati bila kuficha, na alilouliza ni swali la haki: "Sasa mlitaka niipeleke wapi?" Kamati haikuwa na jibu. Ingekuwa nalo vipi, wakati ndani ya ghala letu hili hili, nyuma ya magunia ya tangawizi, imekaa kompyuta iliyokufa pamoja na kioo chake cha kichogo, na betri mbili za sola zilizovimba? Kompyuta ile ilikuja kama msaada, tukaishangilia, ikafanya kazi miezi michache. Ukweli ni kwamba ilifika imeshachoka. Wako wanaotoa msaada na wako wanaosafisha stoo zao, na siku ya makabidhiano wote hupigiwa makofi sawasawa.

Na majumbani je? Mnakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia kwa usiku mmoja. Kulipokucha, simu za watu zikawa za watoto kuchezea. Ziko wapi leo? Nyingine chini ya vitanda, nyingine zilitupwa na takataka na sasa zimo shambani ndani ya samadi. Tusijione wajinga peke yetu: kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, dunia nzima mwaka 2022 ilitoa taka za namna hii tani milioni 62, na hata robo yake haikukusanywa kwa utaratibu unaojulikana.

Yafaa ieleweke kuna nini ndani ya vitu hivi. Kioo cha kichogo, cha runinga au cha kompyuta, kimechanganywa na madini ya risasi, na kioo kimoja huwa na zaidi ya kilo nzima. Betri ya gari au ya sola ni risasi zaidi ya nusu ya uzito wake, na maji yake ni tindikali inayounguza ngozi na macho. Taa za mirija na balbu zile za kubana matumizi zina zebaki. Betri ya simu ukiitoboa yaweza kuwaka moto mkononi. Na moshi wa waya unaochomwa si moshi wa kuni: ile plastiki ikiungua hutoa sumu ambayo huingia kifuani na kushuka juu ya majani na udongo.

Risasi haiozi. Ikiingia udongoni inakaa, ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo wale wanaosema "jamani, tufukie tu yaishe" tunawaomba wafikiri tena. Tufukie wapi? Huku kwetu kila shimo lina mfereji chini yake. Maji ya ndiva ndiyo tunayomwagilia, ndiyo tunayooshea tangawizi kabla ya kuipima, na tukimaliza yanateremka kwa wenzetu wa tambarare ambao hata runinga yenyewe hawakuitazama.

Anayedhani tunatia chumvi aangalie Mombasa, jirani zetu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kilianza kazi mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Ndipo mama huyo akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini sumu haikufungwa nacho. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufaa, na Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliporudisha hukumu ile. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Na wale walikuwa na wa kumshitaki. Sisi tukijimwagia wenyewe, tutamshitaki nani?

Turudi kwenye swali la kijana. Tatizo letu ni kwamba mnunuzi anachagua nyama na kutuachia mifupa. Shaba ina bei, betri ina bei. Kioo hakina bei, na plastiki haina. Basi maoni ya gazeti hili ni kwamba kitu kisivunjwe, na kilicho na bei kilipie nauli ya kisicho na bei. Betri zote zikusanywe na chama, ziuzwe zima zima, na maji yake yakiwa ndani (kuna tabia ya kuyamwaga ili betri iwe nyepesi kubeba, hiyo ikome leo). Fedha hizo ziwekwe kando. Zitoke humo za kumpa chochote anayeleta runinga au kompyuta isiyopasuliwa, maana kumwambia kijana asichome waya huku mfuko wake ni mtupu ni kumhubiria tu. Zitakazobaki zilipe gari la kuviteremsha Same.

Lakini kwa nani? Si kwa kila mwenye mzani. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za umeme na elektroniki zinataka wakusanyaji wawe na kibali. Katibu amwandikie afisa mazingira wa wilaya atuonyeshe mwenye kibali hicho, na barua isomwe mkutanoni kabla haijapelekwa, maana tunazijua barua zinazolala mezani. Na gari hilo lisibebe tangawizi safari hiyo, hata kama dereva ataapa kwamba nafasi ipo.

Ghala nalo lisafishwe kwanza. Ni aibu kuwasema wengine huku betri zetu zimeegemea magunia. Chumba kidogo cha nyuma kina saruji chini na bati lisilovuja. Vitu vyote vihamie humo kabla ya mvua, na ufunguo ashike mtunza ghala. Anayeleta betri ailete imesimama wima, asiilaze, na watoto wasitumwe kuibeba.

Mhariri