Mwezi wa Malengo na Deni la Mwalimu

Kila kazi njema huomba kipimo, na kila kipimo huomba mtu wa kukihoji. Mshonaji hupima kwa futi, mpishi kwa kibaba, mwashi kwa timazi. Mwandishi naye amepewa kipimo chake siku hizi: mwezi mmoja na hesabu ya maneno. Akiitimiza hesabu huitwa mshindi. Akipungukiwa huonekana mvivu, hata kama ukurasa wake mmoja unazishinda kurasa mia za wenzake. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Yafaa ikataliwa, hasa katika mji kama Moshi, ambako mwandishi aghalabu ndiye mwalimu, na mwalimu ana darasa zima linalomngojea kila asubuhi.

Desturi yenyewe ina asili yake. Mwaka 1999, katika eneo la San Francisco, Marekani, Chris Baty na wenziwe, jumla yao watu 21, waliahidiana kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Mwaka uliofuata shughuli ilihamishiwa Novemba, ikajulikana kwa jina la NaNoWriMo, ikawavuta watu wengi wa nchi nyingi. Lengo lilikuwa maneno 50,000, yaani takriban maneno 1,667 kwa siku. Shirika lililoiongoza lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafungwa, lakini desturi haikufungwa nalo. Mtu akitaka kuandika, bado hujitengea mwezi, hujitajia idadi, na mwezi ukiisha hukaa akajihesabu.

Haki haina budi kutolewa kwa mwenyewe. Mwezi wa namna hii umewatoa wengi katika usingizi. Mtu aliyesema kwa miaka kumi kwamba ataandika kesho ameshikwa mkono akaandika leo. Ahadi iliyosemwa mbele ya watu ina nguvu kuliko ahadi iliyofichwa moyoni, na mkono uliozoea kalamu kila siku hauogopi karatasi tupu. Hayo ni mema, wala hapana mwenye akili atakayeyakana. Kosa liko katika kuyaiga yote bila kuyapima kwa jua na mvua ya mahali.

Kwanza ni kosa la kalenda. Novemba ya Moshi ni mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Ni mwezi wa vuli, na katika vihamba vingi kahawa ingali inachumwa. Mwalimu aliyeamka alfajiri Kibosho au Marangu, akasimamia mtihani, akarudi nyumbani jioni katika utelezi, anaambiwa usiku huo aandike maneno 1,667 au ajihesabu miongoni mwa walioshindwa. Mwezi uliochaguliwa na watu wa nchi nyingine kwa raha yao hauwezi kuwa sheria ya watu wa mlimani.

Pili ni kosa la hesabu. Neno la Kiswahili halilingani uzito na neno la Kiingereza. "Hawatakuja" ni neno moja. Mwingereza hulitafutia maneno manne. "Asingalimwambia" ni neno moja. Mwingereza huhitaji sita. Basi anayeandika maneno 50,000 ya Kiswahili amebeba mzigo mzito kuliko mwenziwe, ila mizani imesoma sawa. Mwandishi anayeipokea mizani hiyo pasipo kuuliza huanza kuidhulumu lugha yake: hutawanya pale ambapo lugha imekusanya, hurefusha pale ambapo lugha imefupisha, ili idadi itimie.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Malengo ya mwezi humtazama mtu mmoja tu. Katika hesabu ile kumfundisha mwingine hakuna nafasi. Huandikwa upande wa hasara, kama mwizi wa saa. Ndipo husikika maneno ya kwamba ualimu huua uandishi. Maneno hayo hurudiwa sana, na historia ya fasihi ya Kiswahili huyakanusha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na mtunzi wake alikuwa mwalimu. Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile ya mwaka 1969, alifundisha. Penina Muhando aliandika tamthilia na kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama darasa lingekuwa kaburi la kalamu, watu hawa wangezikwa mapema.

Kilimanjaro nako kuna ushahidi, na ushahidi wake una uchungu. Nathaniel Mtui wa Marangu alikuwa mwalimu aliyelelewa na shule za misheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikusanya habari za Wamangi na koo za Wachagga, akaziandika katika madaftari. Charles Dundas alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1924, na Kathleen Stahl katika kitabu chake cha mwaka 1964. Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Hivyo mtoto wa Marangu atakaye kujua alichokiandika mwalimu wa Marangu aghalabu hukipata katika lugha na jina la mgeni. Mtui alitimiza lengo lake, tena kwa miaka, pasipo mwezi wa mashindano. Kilichokosekana ni mkondo wa kuyateremsha maandishi yake hadi kwa watoto wa jirani. Kazi ya mtu mmoja, hata ikiwa kubwa, huwa ya yeyote atakayeikuta kwanza.

Wazee wa mlimani waliujua ukweli huu katika jambo la maji. Mfereji wa Mchagga, mfongo kama wenyewe wanavyouita, huyatoa maji mtoni huko juu, ukayapitisha katika miteremko, ukayagawa kwa vihamba kwa zamu. Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja wala hausafishwi na mtu mmoja. Asiyetoka kwenda kuuzibua huwa na deni kwa wenziwe. Tena ujuzi wa kuupitisha katika mteremko hufundishwa mahali penyewe, jembe likiwa mkononi, mkubwa akitangulia na mdogo akifuata. Kipimo cha mfongo ni kufika kwa maji kihamba cha chini.

Yamkini mwalimu atajibu kwamba mzigo wake umezidi, na kwamba kumwongezea wa kuwafundisha wengine utunzi ni kumvunja mgongo. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hapana anayeombwa saa nyingine. Linaloombwa ni kuitumia vingine saa iliyopo. Somo la insha lipo tayari katika ratiba. Siku hizi aghalabu mwanafunzi huandika na mwalimu husahihisha, na mwanafunzi huhitimu bila kumwona mtu mzima hata mmoja akiandika. Huona wino mwekundu, haoni kalamu ikisita. Mwalimu na akae aandike pamoja nao juu ya jambo lile lile, kisha awasomee sentensi aliyoifuta na sababu ya kuifuta. Siku hiyo ametimiza lengo lake na amefundisha, kwa saa moja.

Jambo la kuandika halikosekani. Kila mwanafunzi wa Machame, Old Moshi au Rombo anaweza kumwuliza bibi au babu juu ya mfongo uliokauka, mti wa kahawa uliong'olewa, au jina la kilima ambalo vijana wamelisahau, akaandika ukurasa mmoja kwa juma. Mwezi ukiisha kurasa zishonwe pamoja, ziwekwe katika maktaba ya shule, na wa mwaka ujao waanzie hapo. Vyuo vinavyowatayarisha walimu, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge kikiwa mlangoni kabisa pa mlima, vingeweza kulifanya hili kuwa sehemu ya mazoezi ya kufundisha. Gharama yake ni karatasi, sindano na uzi.

Basi mwandishi aliye mwalimu, akaapo mwisho wa mwezi kujihesabu, na ajiulize swali jingine. Asiulize ameandika maneno mangapi tu. Aulize ni nani aandikaye leo ambaye mwezi uliopita hakuandika. Akipata jina moja ana faida, hata kama riwaya yake imesimama katika sura ya pili. Asipopata hata moja, maneno 50,000 yaliyomo sandukuni mwake ni maji yaliyozuiwa juu, ilhali vihamba vya chini vinakauka.