Roki Haikuzaliwa Uzunguni: Kisa cha The Gories wa Detroit

Wapo wanafunzi wenzetu wanaoshikilia kwamba roki ni muziki wa Wazungu, na kwamba Mwafrika anayeupenda ameikana nasaba yake. Hoja hiyo husemwa kwa uhakika mkubwa, aghalabu na watu ambao hawawezi kumtaja hata mpigaji mmoja wa bluzi. Nakusudia kuijibu, si kwa nadharia, bali kwa historia ya kundi dogo ambalo halikupata kuuza santuri nyingi: The Gories, wa mji wa Detroit, Marekani.

Kundi hili liliundwa mwaka 1986 na watu watatu. Mick Collins, kijana Mweusi, alipiga gitaa na kuimba. Dan Kroha naye akapiga gitaa na kuimba. Peggy O'Neill akashika ngoma. Gitaa la besi, ambalo katika bendi nyingi ndilo mhimili wa mdundo, halikuwapo. Matoazi hayakuwapo. O'Neill hakuwa amepata kupiga ngoma kabla ya hapo, na wanaume wale wawili walikuwa bado wanagenzi katika gitaa. Muziki walioutoa uliparuza: magitaa mawili yenye kutu na ngoma iliyogonga kama mchi kinuni. Wajuzi huuita roki ya gereji, kwa kuwakumbuka vijana wa miaka ya 1960 waliofanyia mazoezi katika vibanda vya magari nyumbani kwao, kwa ala za bei nafuu.

Wanaoubeza muziki huo husema kuwa The Gories walipiga hivyo kwa sababu hawakuweza kupiga vinginevyo. Kuna chembe ya ukweli hapo, lakini ni chembe tu. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, waliiita Houserockin'. Anayeijua bluzi hawezi kulisikia jina hilo asimkumbuke Hound Dog Taylor wa Chicago, ambaye kundi lake, HouseRockers, lilikuwa na magitaa mawili na ngoma, bila besi. Katika albamu hiyo hiyo mna wimbo wa John Lee Hooker, ule alioutia katika santuri mjini Detroit mwaka 1948 akiwa peke yake: sauti, gitaa, na mguu ukigonga ubao. Basi upungufu wa ala si kasoro waliyojitungia vijana hawa. Ni urithi. Mjadala huu si mgeni kwa msomaji wa jarida hili, kwani sisi nasi tumebishana miaka mingi kuhusu arudhi na mashairi huru, na tunajua kwamba kuacha vina kwa makusudi si sawa na kushindwa kuvipata.

Tubakie kidogo kwa Hooker, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mzaliwa huyo wa Mississippi alikwenda Detroit, kama walivyofanya maelfu ya watu Weusi wa Kusini, kutafuta kazi viwandani. Wimbo wake ulifika kileleni mapema mwaka 1949 katika orodha ya jarida la Billboard iliyokuwa ikiitwa ya rekodi za mbari, yaani nyimbo za watu Weusi. Mwaka huo huo jarida likalibadili jina hilo. Lakini soko lilikuwa limekwisha kuugawa muziki kwa rangi ya ngozi, na mgawanyo huo ulidumu vichwani mwa watu. Vijana wa Kizungu walipouchukua mdundo ule na kuuvika jina jipya, wengi walisahau ulikotoka. Leo tunaposema roki ni ya Wazungu, tunarudia hesabu za wafanyabiashara wa santuri wa enzi hizo huku tukidhani tunautetea Uafrika.

Mtaa wa Hastings, anaoutaja Hooker katika wimbo huo, ulibomolewa kupisha barabara kuu. Kumbi zake za starehe zikaenda nao. Detroit iliyokuwa na watu wapatao 1,850,000 mwaka 1950 ilibakiwa na milioni moja na ushei mwaka 1990. Katika mji huo uliopukutika, The Gories waliupiga tena wimbo ambao mtaa wake haukuwapo tena. Sioni ukumbusho ulio bora kuliko huo. Hakika sioni kama kuna bamba la shaba ambalo lingefanya kazi hiyo.

Albamu ya pili ilitoka mwaka 1990 chini ya usimamizi wa Alex Chilton, na ya tatu mwaka 1992. Kisha kundi likavunjika. Collins aliendelea na The Dirtbombs, na mwaka 2001 wakatoa Ultraglide in Black, albamu ambayo karibu nyimbo zake zote asili yake ni wanamuziki Weusi.

Mwaka huo huo wa 2001 ndugu zao wa mji mmoja, The White Stripes, nao wasio na besi, walitoa White Blood Cells na kupata umaarufu wa dunia nzima. Simlaumu Jack White. Kampuni yake, Third Man, ilitoa mwaka 2013 kanda ya onyesho la The Gories la mwaka 1988, na hiyo ni heshima ya vitendo. Lawama yangu ni kwa wahakiki wanaoianza historia pale fedha zinapoanzia. Kwa mizani yao, kundi lililouza mamilioni ni chanzo, na lililolitangulia kwa zaidi ya miaka kumi ni tanbihi. Mhakiki wa fasihi simulizi angefanya hivyo, akamtaja mchapishaji wa ngano akamwacha fanani, tungemkemea.

The Gories walikutana tena mwaka 2009 na kuzuru Ulaya pamoja na The Oblivians wa Memphis. Besi hawakuongeza. Anayetaka kunipinga na aanze kwa kuisikiliza santuri ile ya 1948, kisha Houserockin', ndipo tukae tubishane.