Fuwele ya Thamani
Imezuka huko Ulaya na Marekani, miongoni mwa waashiki wa sauti safi, ada ya kuifungua swichi ya mtandao wa nyumbani, kung'oa fuwele ipigayo mapigo ya saa yake na kulehemu nyingine ya thamani kubwa, kwa itikadi kwamba sauti ya fidla itatakasika. Ilhali data ya muziki husafiri katika mtandao huo kwa vifurushi vyenye biti 32 za ukaguzi, kilichoharibika hutupwa kikaletwa kingine, kisha vyote hungoja katika kumbukumbu hata saa ya kigeuzi cha sauti, wala si ya swichi, ivitoe kwa wakati wake. Hoja moja naikubali, ya kelele za umeme zipitazo katika waya wa shaba. Lakini dawa yake, nyuzi za kioo zisizopitisha umeme na vigeuzi viwili vya umeme na mwanga, hupatikana kwa bei nafuu, na haimlazimu mtu kulehemu chochote.