Neno la Mhariri: Jalada la Aliyeshindwa

Mwaka 1913 Wamaasai walishindwa kesi katika Mahakama Kuu, Mombasa. Walidai kwamba mkataba wa 1911, uliowaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini katika nchi ambayo Kajiado ni sehemu yake, ulivunja ahadi ya 1904 iliyopaswa kudumu maadamu Wamaasai wapo. Mahakama haikupima ukweli wa madai hayo. Ilisema kuwa mikataba ile ilikuwa kati ya dola na watu wa kigeni, hivyo haina mamlaka juu yake. Na rufaa nayo ikatupwa mwaka huohuo. Hata hivyo, kumbukumbu za kesi hiyo zimehifadhi walichosema wadai: kwamba waliotia saini hawakuwa na idhini ya wenzao, na kwamba mifugo iliyopotea njiani ilistahili fidia. Hukumu iliwanyima ardhi, jalada likawatunzia hoja. Kwa hiyo thamani ya jalada haiishi siku hukumu inaposomwa.

Wapo watakaosema kwamba maandishi ya mkoloni ni sauti ya mkoloni, kwani maneno ya Kimaasai yalipita kwa mkalimani kabla ya kuandikwa Kiingereza. Ni kweli, na msomaji asilisahau hilo. Lakini ripoti ya mkuu wa wilaya huandikwa na upande mmoja, ilhali mahakama hulazimika kuliandika dai kabla ya kulikataa. Wengine wanahofu kwamba kufukua majalada ni kufukua magomvi, hasa Kitengela, huko Kajiado, ambako ranchi ya kikundi iligawanywa mwaka 1988 na mashamba yakaendelea kukatwa ploti. Magomvi hayo hayakuletwa na karatasi. Yalitokana na nani aliandikwa katika rejista ya wanachama wa ranchi na nani aliachwa. Karatasi ikipotea, neno la mwisho hubaki kwa mwenye nguvu. Hata majalada ya kesi za watoto na za ndoa, ambayo si ya kila jicho, yafungwe kwa muda unaofaa, lakini yasiangamizwe.

Sheria ya Kenya inaruhusu majalada ya zamani ya mahakama kuteketezwa kwa kanuni za Jaji Mkuu, baada ya kushauriana na Mhifadhi Mkuu wa Nyaraka. Hatupingi, maana hakuna ghala linalotosha kila kitu. Tunachoomba ni kwamba kabla ya jalada lolote la ardhi ya Kajiado kuteketezwa, orodha itangazwe na wananchi wasikilizwe. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo itamfaa tu iwapo jalada litakuwa bado lipo.