BWANA SHAMBA AZUNGUMZA: Mtoe Mzee Nje



Mwezi huu sizungumzi habari za mbolea. Nazungumza juu ya wazee wetu. Utauliza, "Bwana Shamba na wazee, wapi na wapi?" Ngoja nikueleze. Jambo hili nililiona kwanza katika banda la kuku.

Mfugaji mmoja aliniita. Vifaranga wake walilegea miguu, hawakuweza kusimama. Chakula walikuwa nacho, tena aliwachanganyia unga wa mifupa. Lakini banda lilikuwa giza. Aliogopa mwewe, akawafungia humo mchana kutwa. Tulibomoa upande mmoja, tukaweka wavu, jua likaingia. Vifaranga waliofuata walisimama vizuri.

Mwili wa mtu nao ni hivyo hivyo. Mifupa hujengwa kwa madini ya chokaa. Madini hayo yamo katika maziwa na dagaa. Lakini mwili hauwezi kuyachukua vizuri bila vitamini D. Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi yetu inapopigwa na jua. Katika chakula imo kidogo tu: katika samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai.

Je, mzee wako hushinda wapi?

Mama yangu mzazi alishinda chumbani. Sisi watoto tulidhani tunamheshimu. "Mama, pumzika," tulimwambia. Kuni hachanji, maji hachoti, hata uani hatoki. Baadaye akawa analalamika mifupa inamwuma. Kuinuka kitini mpaka ashike ukuta. Tukasema ni uzee. Usiku mmoja alianguka akienda chooni, akavunjika nyonga. Daktari alituuliza, "Huyu mama huota jua?" Tulitazamana.

Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi. Basi anayehitaji jua zaidi ndiye tunayemfungia ndani! Vitamini hiyo ikipungua, misuli hulegea na mifupa hudhoofika. Mzee huanguka, na akianguka huvunjika.

Mtoe nje. Lakini jua la asubuhi sana hupasha mwili joto tu. Tazama kivuli chake. Kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, bado. Kikiwa kifupi kuliko yeye, kama saa nne asubuhi, jua hilo ndilo. Afunue mikono na miguu, akae kama nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Akiona linamchoma, arudi kivulini. Kukaa ndani nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii. Mwenye ualbino asiote jua hili, litamwumiza ngozi. Yeye aende zahanati apate ushauri.

Tena misuli isiyofanya kazi hulegea hata juani. Mpe mzee kazi ndogo: achambue maharagwe, awatupie kuku mtama, atembee mpaka kwa jirani. Ale dagaa pamoja na mifupa yake, maharagwe, na yai likipatikana. Msiyapeleke mayai yote sokoni!

Usimnunulie vidonge vya vitamini kwa kubahatisha. Vikizidi huharibu figo. Mzee anayeanguka mara kwa mara mpeleke zahanati, maana huenda ana ugonjwa mwingine.

Mama alijifunza kutembea tena kwa mkongojo. Kila saa nne tulimtandikia mkeka uani. Alinung'unika sana kwamba tunamwanika kama mpunga, lakini kuku wote walimjua yeye.