Injini Kwanza, Breki Baadaye?

Hapa Kizota, chini ya mwarobaini ulio jirani na nyumba yangu, mafundi wawili vijana wanaifungua Volkswagen ya mgongo wa kobe ya bwana mmoja wa mjini. Injini ya 1200 imekwisha kutolewa. Inaingia ya 1600 iliyotoka kwenye Kombi. Niliwauliza, na breki je? Wakacheka. "Mzee, mteja anataka mbio." Nasema bila kumung'unya maneno kwamba huo si ufundi.

Ndugu msomaji, gari lenye injini nyuma lina tabia yake. Uzito umelalia nyuma, na katika magari mengi ya zamani ya aina hiyo magurudumu ya nyuma hubebwa na ekseli zinazobembea kutoka kwenye giaboksi. Ukiingia kona kwa kasi, kisha ukaogopa na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma huinuka, gurudumu la nje hujikunja kuelekea chini ya gari, na mkia hutaka kutangulia kichwa. Kutoka nguvu za farasi 34 hadi karibu 50, bila kugusa kitu kingine, ni kuwahi tu kufika kwenye hiyo kona.

Watasema mzee anaogopa kivuli. Basi watazame Marekani, ambako wenye kiwanda, wenye wahandisi na fedha, walifuata utaratibu huo huo wa kinyumenyume. Chevrolet Corvair, iliyoundwa kati ya 1959 na 1969, ilianza na nguvu za farasi 80. Mwaka 1962 ikatolewa yenye tabo, farasi 150. Lakini nondo ya mbele ya kuzuia gari kulala konani, pamoja na springi ya kukingama nyuma, havikuwekwa kwa kila gari mpaka toleo la 1964. Kabla ya hapo dereva aliambiwa ajaze upepo wa 15 mbele na 26 nyuma. Sijui wangapi walikumbuka. Ralph Nader aliifungulia Corvair sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1965. Kwa haki, vipimo vya serikali yao vilivyotangazwa 1972 viliiona si mbaya kuliko wenzake wa wakati ule. Sawa. Mbona basi toleo la 1965 lilibadilishiwa mfumo mzima wa nyuma?

Na mbio wanazozisema ni zipi? Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, haikuwa na injini ya Kombi.

Nami niliwahi kuwa mjinga wa namna hii. Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi chuoni, nilimpa fundi mmoja Volkswagen yangu aiongeze nguvu. Wiki ya tatu, tukitokea Gairo, kwenye kona niliyoizoea, niliachia mafuta. Gari lilizunguka likalala ubavu. Mke wangu alivunjika mtulinga; hadi leo hanyanyui ndoo kwa mkono wa kushoto. Miaka mingi nilimlaumu fundi. Lakini aliyetamka "ongeza mbio" nilikuwa mimi, na yeye hakuniuliza habari ya breki, wala shokapu, wala matairi.

Jana jioni nilipita tena. Injini imekaa vizuri, inanguruma. Matairi yote manne yamejazwa upepo sawasawa. Mwenye gari anakuja kesho asubuhi kulichukua, nami nitakuwa chini ya mwarobaini kabla yake.