Mapishi ya Nyanya Yasizikwe na Nyanya

Mwezi mtukufu wa Ramadhani unapokaribia, mazungumzo ya watu wa pwani yetu, tangu Lamu hadi Vanga, huelekea jikoni. Utasikia zikitajwa kaimati, tambi, vibibi, ndizi za tui na mkate wa sinia, kana kwamba ni majina ya jamaa waliosafiri na sasa wamo njiani kurudi. Na karibu kila mwenye kutaja huongeza neno hili: "Lakini si kama za nyanya."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na leo ningependa, mpenzi msomaji, tulipime pamoja. Kwa nini si kama za nyanya? Unga ni wa ngano ile ile, iliki ni ile ile, na nazi bado huangushwa kutoka minazi yetu. Kilichopungua si vifaa. Kilichopungua ni maarifa, na yamepungua kwa sababu wenyewe tuliyaacha yaende.

Naijua nyumba moja katika Mji wa Kale, Mombasa, ambayo sifa ya mkate wake wa sinia ilivuka mitaa. Mchele ulirowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaokwa kwa makaa ya juu na chini. Hayo kila mtu aliyajua. Yasiyojulikana yalikuwa mambo madogo madogo: tui lilikuwa la nazi ngapi, rojo lilikaa muda gani kabla ya kumiminwa, na makaa ya juu yaliyazidi ya chini kwa kadiri gani. Bibi mwenye nyumba aliyaweka hayo moyoni mwake. Binti zake hawakuambiwa, kwa kuwa wangeolewa na kuyapeleka kwa watu. Wake wa wanawe hawakuambiwa, kwa kuwa walitoka kwa watu. Alipofariki, mkate ule ulifuatana naye.

Wala tusidhani kwamba ni mikate migumu tu ipoteayo. Chukua kaimati, ambazo huonekana ni mchezo wa watoto. Rojo likiwa jepesi mno, kaimati hunywa mafuta na kulala; likiwa zito, hutoka ngumu kama kokoto. Mafuta yakipata moto kupita kiasi, nje hugeuka rangi na ndani hubaki unga mbichi. Shira nayo hutiwa matone ya ndimu ili sukari isigande sufuriani, na hupimwa kwa vidole viwili mpaka ivute uzi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani huhama kidogo kidogo na kuyazunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Mpishi mwenye umri wa miaka 60 amekwisha kupika kaimati katika joto la kaskazi, ambapo rojo huumuka upesi na likisahauliwa huchacha. Amezipika pia katika baridi ya kipupwe, ambapo hulazimika kulifunika rojo na kulingoja. Msichana aliyeanza kupika miaka mitatu iliyopita ameonja msimu mmoja tu. Elimu ya nyanya, basi, ni ya mzunguko mzima, na haipatikani kwa kumchungulia siku moja tu.

Wapo wasemao kwamba mapishi hayaandikiki, kwamba yamo mkononi mwa mtu. Nawaheshimu, lakini historia haiwaungi mkono. Mwaka wa 1226, katika mji wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi. Humo mna kitu kiitwacho luqam al-qadi, yaani matonge ya kadhi: vidonge vya unga ulioumuka, vikakaangwa kwa mafuta na kuchovywa katika shira. Hapana shaka msomaji amekwisha kuwatambua jamaa zetu. Watu wa Ghuba hadi leo huziita luqaimat, maana yake vijitonge, na neno hilo ndilo lililovuka bahari likawa kaimati. Miaka 32 baada ya kitabu hicho kuandikwa, mwaka wa 1258, Wamongolia waliuteka mji wa Baghdad na kuuangamiza. Ufalme ulianguka, lakini karatasi za mapishi zilisalimika, na mtu wa leo aweza kuzifuata jikoni kwake.

Wengine hushikilia kwamba siri ya chungu ndiyo heshima ya nyumba. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wazee wetu. Lakini kata ikivunjika, ni nani atakayeulizwa? Hapa simsemi mama ambaye kaimati na vitumbua ndiyo riziki yake. Huyo ana haki ya kuuficha ujuzi wake mbele ya mshindani, kwani ndio jembe lake. Hata hivyo, yeye pia ana wana na wajukuu, na daftari la nyumbani si tangazo la sokoni.

Tuache pia kudhani kwamba haya ni mambo ya mabinti peke yao. Halua tunayojivunia hukorogwa na wanaume, na masufuria ya biriani arusini mara nyingi husimamiwa na wanaume. Mvulana mwenye nguvu za kukoroga ana masikio ya kusikiliza pia.

Mwaka wa 2001 shirika la UNESCO liliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukafurahi. Mwaka wa 2021 shirika hilo hilo lilizitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kienyeji, zikiwemo mboga zilizokuwa zimeanza kudharauliwa. Kuta za mawe zimepata walinzi, na mboga zimepata watetezi. Vyakula vitamu vya nyumba zetu vinangoja tuvisemee sisi wenyewe.

Kazi hiyo si ngumu. Upime mfuko wa unga kwa mizani kabla nyanya hajaanza kuchota, kisha uupime tena akimaliza. Tofauti yake ndiyo ile "kiasi" anayokuambia kila siku. Fanya vivyo hivyo kwa sukari. Kijaze maji kikombe chake, uyapime. Tazama saa anapolifunika rojo na anapolifunua. Andika ni mwezi gani, na kama kulikuwa na joto au mvua. Juu ya ukurasa andika jina lake. Usimkatize wala usimsahihishe. Siku ya pili pika wewe, yeye aketi atazame, kwani makosa yako yatamfanya aseme mambo ambayo hakujua kwamba anayajua.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nao walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini onyo hilo latufaa hata sisi tulioketi mekoni. Kabla Ramadhani ijayo haijaandama, kila nyumba na inunue daftari moja na kalamu, na aliye na nyanya aende akaketi naye angali hai.